RISASI, MAJI NA WAZEE WA BONDENI

Ndugu msikilizaji, nawe utakayeyasoma maneno haya gazetini, leo tuanze na neno moja tu la Kiswahili: risasi. Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, nayo ni kile kipande kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Ya pili ni madini yenyewe, yale mazito ya rangi ya kijivu yanayokaa ndani ya betri ya gari, na ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu ili zizame. Neno tumeliazima kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini hayo. Sisi tukalitumia jina la madini kwa kitu kinachotengenezwa nayo, na jambo likaishia hapo.

Basi shika maana hiyo ya pili, halafu uisikilize tena ile ahadi mashuhuri ya mwaka 1905: risasi zitageuka maji. Je, haisikiki tofauti kidogo?

Nauliza hivyo kwa sababu nimekwisha kukaa nyuma ya madarasa kadhaa, kinasa sauti mkononi, wakati somo la Vita vya Maji Maji likifundishwa. Mwalimu hueleza kodi, hueleza pamba, halafu hufika mahali pa dawa. Anasema wazee wetu waliambiwa kwamba wakinywa maji na kupakwa maji, risasi za Mjerumani zitageuka maji. Darasa linacheka. Kengele inalia. Watoto wanatoka nje wakiwa wamejifunza jambo moja kubwa, nalo ni kwamba babu zao walikuwa wajinga.

Kicheko hicho kimenikera muda mrefu. Sisemi kwamba risasi ziligeuka maji. Hazikugeuka, na walioamini walilipa kwa roho zao. Ninachouliza ni hiki: je, ni kweli kwamba watu wale hawakujua namna kitu kigumu kinavyoweza kuwa maji? Au walijua vizuri sana, na pengo lilikuwa mahali pengine? Majibu haya mawili si sawa. La kwanza ni tusi. La pili ni somo.

Twende mahali penyewe. Msafiri anayetoka Ifakara kwenda Mahenge huuvuka mto Kilombero, siku hizi kwa daraja lililozinduliwa mwaka 2018, zamani kwa pantoni, na kabla ya pantoni kwa mtumbwi. Akiisha kuvuka anapita katika mashamba ya mpunga, tambarare kama meza, kilomita ishirini na kitu, mpaka Lupiro. Hapo njia inagawanyika. Moja inakwenda Malinyi, na nyingine inaelekea Mahenge, ambako nchi inainuka ghafla na hewa inakuwa ya baridi. Ukisimama Lupiro unaiona milima ile mbele yako, na nyuma yako liko bonde lote. Hii ndiyo nchi ambayo mwezi Agosti 1905 ilipanda kwenda kuipiga boma ya Mjerumani.

Sababu za vita zinajulikana. Kodi ya kibanda ilikuwa imeanzishwa mwaka 1898. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilikuwa ikiwalazimisha watu wa kusini na pwani kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa malipo ambayo wengine walikataa hata kuyapokea kwa udogo wake. Kulikuwa na viboko, na kulikuwa na kazi za kushurutishwa. Mwaka 1904, huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, akatokea Kinjikitile Ngwale. Watu walisimulia kwamba alizama katika maji akatoka mkavu, amepandwa na pepo aliyeitwa Hongo. Akaanza kutoa dawa ya maji, mtama na mbegu, na watu wakamiminika kutoka kila upande. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, vita vikaanza. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa mapema na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini dawa ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwake. Wajumbe walikuwa njiani, na miongoni mwa mahali walipofika ni bonde hili la Kilombero na milima ya Mahenge, kwa Wambunga na Wapogoro.

Mwezi Agosti kituo kidogo cha askari pale Ifakara kilishambuliwa na kuzidiwa. Halafu, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani alikuwamo Kapteni von Hassel pamoja na askari wake, watu waliokuwa upande wake, na bombomu mbili. Washambuliaji walikuja wazi, kwa makundi makubwa, wengi wakiwa na mikuki na wachache wakiwa na magobori. Mamia waliuawa. Boma haikuanguka, na mwezi Septemba Kapteni Nigmann alifika kutoka Iringa akaikomboa.

Hiyo ndiyo historia kwa kifupi. Sasa turudi kwenye swali letu.

Mwaka huu nilikwenda Lupiro kwa shughuli za kazi. Nyuma ya nyumba moja nikamkuta mzee wa makamo ya miaka themanini akitengeneza chubwi za nyavu. Kama hujui chubwi, ni vile vipande vya risasi vinavyoufanya wavu uzame. Alikuwa na kopo la chuma juu ya jiko la mkaa, na ndani yake vipande vya risasi alivyovitoa kwenye betri mbovu. Nilimwamkia, akanikaribisha nikae upande upepo unakotoka, maana moshi wa risasi ni sumu, na wajukuu alikuwa amewafukuza mbali. Tulitazama pamoja. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha vipande vikaanza kulegea pembeni, vikakaa chini kama mafuta ya mgando kwenye kikaango, na ghafla kopo zima likawa linang'aa kama kioo. Mzee akalitikisa kidogo, na risasi ikacheza ndani kama maji.

Nikamwuliza, "Babu, na zile za magobori mlizitengeneza hivi hivi?"

"Hivi hivi, mwanangu. Baba yangu na baba yake. Kalibu ndiyo tofauti."

Akamimina kwenye vishimo alivyovichimba katika mchanga mkavu. Nilipotaka kujua kwa nini mchanga uwe mkavu, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Tone moja tu la maji likiwamo," akasema, "hii itaruka mpaka usoni pako. Maji na risasi havipatani."

Ndugu msikilizaji, katika maneno yale ya mzee kuna fizikia ya kidato kizima. Vitabu vya shule vinatufundisha kwamba vitu huwa katika hali tatu: yabisi, yaani kitu kigumu; kimiminika, yaani kitu cha majimaji; na gesi, yaani kitu kama hewa au mvuke. Kinachokitoa kitu hali moja na kukitia nyingine, kwa kawaida, ni joto. Barafu huyeyuka katika nyuzi sifuri za Selsiasi. Maji huchemka katika nyuzi 100 hapa chini usawa wa bahari. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa la kawaida hulipita bila taabu. Chuma huhitaji nyuzi 1538, na hapo jiko la mkaa la nyumbani haliwezi tena.

Na mabadiliko haya hayakuwa mageni kwa mtu wa bondeni mwaka 1905. Mama aliyepika ubwabwa alikiona kifuniko kikitokwa jasho, mvuke ukirudi kuwa maji. Mtu aliyepita karibu na mtambo wa gongo siku hizi, simtaji jina, ameiona pombe ikigeuka mvuke, ikapita katika bomba, ikapozwa na kudondoka tena. Mwindaji mwenye gobori aliyeyusha risasi kama tulivyoeleza. Na kusini ya huko, milimani kwa Wapangwa, walikuwako wafua chuma waliojenga tanuru za udongo na kuzipuliza kwa mivuo. Katika tanuru za namna hiyo chuma chenyewe kwa kawaida hakikuwa maji kabisa. Kilibaki donge la kufuliwa kwa nyundo, bali uchafu wa mawe ndiyo ulioyeyuka na kumiminika, ule tunaouita mavi ya chuma. Fundi wa tanuru alijua tofauti ya vitu hivyo viwili bila kusoma kitabu.

Kwa hiyo mtu aliyeambiwa mwaka 1905 kwamba risasi itageuka maji hakuambiwa jambo ambalo halijapata kutokea. Aliambiwa jambo ambalo yeye mwenyewe, au jirani yake, alikuwa akilifanya motoni. Hapa ndipo penye uzito wa ahadi ile. Kama angeambiwa kwamba risasi itageuka ndege, huenda naye angecheka. Lakini risasi kuwa maji? Hilo alikuwa ameliona kwa macho.

Pengo, basi, lilikuwa wapi? Pengo lilikuwa kwenye joto.

Risasi haiyeyuki kwa kuambiwa. Inataka nyuzi 327, na inataka muda wa kuzipokea. Kati ya mdomo wa bunduki na kifua cha mtu hakuna jiko. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Na maji ndiyo yasiyofaa kabisa kwa kazi hiyo, kwa sababu maji ya chungu yakifika nyuzi 100 hayaendelei kupanda. Hukimbia kwa kugeuka mvuke. Ukiiweka risasi ndani ya chungu cha maji yanayochemka kutwa kucha, utaiopoa ngumu vilevile. Ukiitia maji risasi iliyoyeyuka, ama itaganda, ama maji yatageuka mvuke kwa ghafla, yajitanue zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na kuirusha risasi kila upande, kama mzee alivyonionya. Maji huigandisha risasi. Hayaiyeyushi. Kati ya vitu vyote ambavyo mtu angeweza kuvichagua ili kuishinda risasi, maji yalikuwa adui wa ahadi yenyewe.

Sasa tugeuke upande wa pili, ndani ya boma. Maana mambo ya hali za vitu yalikuwa yakitendeka huko pia, tena yakitendeka kweli.

Bunduki ni nini? Ni chombo cha kugeuza yabisi kuwa gesi. Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa shura, kiberiti na mkaa, vitu vikavu vinavyokaa kimya katika mfuko. Ikiwashwa, sehemu yake isiyofika nusu hugeuka gesi katika kufumba na kufumbua, na gesi ile ya moto hudai nafasi kubwa mamia ya mara kuliko baruti ilivyokuwa. Nafasi haipo, ipo njia moja tu, ya kuisukuma risasi itoke. Huo ndio mshindo tunaousikia. Gobori la mwindaji wa Lupiro na bunduki ya askari wa Mjerumani zilifanya kazi kwa kanuni ile ile moja.

Tofauti ilikuwa kwenye bombomu. Mashine hii ilibuniwa London mwaka 1884 na Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani. Aliutumia ule mshindo wa bunduki wa kurudi nyuma kuitoa ganda, kuingiza risasi nyingine na kuipiga, bila mkono wa mtu, mara mia tano na zaidi kwa dakika. Lakini alipata tatizo. Mtutu unaopitishwa gesi ya moto mara mia tano kwa dakika hupata joto la kutisha, na usipopozwa huharibika. Unajua alifanyaje? Aliuvika mtutu bomba pana, akalijaza maji, kiasi cha lita nne hivi.

Maji, ndugu msikilizaji. Bombomu za jeshi la Mjerumani za wakati ule zilikuwa za Maxim, na zilipozwa kwa maji.

Kwa nini maji? Kwa sababu ya jambo lililogunduliwa katika miaka ya 1760 na daktari mmoja wa Scotland, Joseph Black, alipokuwa akifundisha Glasgow. Aliona kwamba maji yakianza kuchemka, moto unaendelea kuwaka lakini joto la maji halipandi. Joto linakwenda wapi? Linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Na si joto dogo. Joto la kuyatoa maji kwenye ubaridi wa kisimani mpaka kuchemka ni moja. Joto la kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke ni karibu mara saba ya hilo. Kila mpishi wa maharage analijua jambo hili: maji huchemka upesi, lakini kuyakausha chunguni kunataka kuni nyingi. Maxim alilitia jambo hilo kazini. Bunduki ilipopata moto, maji yalichemka, yakaenda zake na joto kwa njia ya mvuke, na mtutu ukabaki salama ukiendelea kuua.

Tazama sasa namna mambo yalivyokaa siku ile ya tarehe 30 Agosti. Chini, watu waliopakwa maji wakiamini kwamba yabisi ya risasi itageuka kimiminika. Juu, bombomu mbili ambamo yabisi ya baruti iligeuka gesi kweli, na maji yaliyouzunguka mtutu yakiwa yamewekwa tayari kugeuka mvuke kweli. Pande zote mbili ziliingia vitani na maji. Pande zote mbili zilitegemea vitu kubadilika hali. Lakini upande mmoja ulikuwa umepima kwanza.

Neno kupima ndilo ninalotaka tulishike. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wao hawakupima? Jibu la haraka ni ujinga. Jibu hilo silikubali, kwa sababu ukiangalia kwa makini utaona kwamba walikuwa na sababu za kuamini. Kituo cha Ifakara kilikuwa kimezidiwa. Askari wachache wenye bunduki za kupiga risasi moja moja waliweza kulemewa na watu wengi wenye ujasiri, na ujasiri ule ulitoka kwenye dawa. Machoni pa mtu aliyekuwapo, dawa ilikuwa imejaribiwa Ifakara nayo ikafaa. Kosa ni kwamba kilichojaribiwa Ifakara hakikuwa maji mbele ya risasi. Kilikuwa wingi na ushujaa mbele ya bunduki chache. Mahenge walikuta hesabu nyingine.

Na kulikuwa na jambo la pili, gumu zaidi. Dawa ile ilikuja na miiko. Aliyeinywa hakutakiwa kulala na mwanamke, hakutakiwa kupora mali. Mtu akipigwa risasi akafa, ndugu zake waliambiwa kwamba alivunja mwiko. Hapo, ndugu yangu, ndipo mlango wa kupima unapofungwa. Akipona, dawa ni kali. Akifa, mkosaji ni yeye. Hakuna maiti hata mmoja anayeweza kutoa ushahidi dhidi ya dawa ya namna hiyo. Fundi wa chubwi hawezi kufanya kazi kwa utaratibu huo. Risasi isipoyeyuka haulizi nani amevunja mwiko, anaongeza mkaa.

Nasema haya bila kuwaonyea kidole wazee wa 1905 peke yao. Leo mijini kwetu, kwenye vituo vya mabasi na kwenye simu zetu, tunauziwa dawa, biashara na unabii wenye utaratibu ule ule: ukifaulu, sifa ni za muuzaji, ukishindwa, imani yako ilikuwa haba. Sisi tuliosoma hali tatu za vitu darasani tunanunua. Hivyo kicheko cha darasani hakina haki, kwa kuwa wanaocheka wana vitabu ambavyo waliochekwa hawakuwa navyo.

Tena, si watu wote walioamini. Baadhi ya watawala, akiwemo Kiwanga wa Wabena wa bondeni, walisimama upande wa Mjerumani, kila mmoja kwa hesabu zake. Na kwa masimulizi yaliyokusanywa baadaye na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, Kinjikitile mwenyewe aliwataka watu wangoje amri yake kabla ya kupigana. Wamatumbi walichoka kungoja. Maana yake ni kwamba hata ndani ya harakati yenyewe walikuwamo watu waliofikiri, waliosita na waliobishana. Halikuwa kundi la vipofu.

Baada ya Mahenge watu wa nchi hii walibadili mbinu. Waliacha kuijia bunduki kifua wazi, wakaingia porini, wakapigana kwa kuvizia. Hiyo ndiyo dalili ya watu wanaojifunza kwa yaliyotokea. Na ndipo Mjerumani naye alipobadili silaha, akaichukua ile isiyohitaji baruti wala maji: njaa. Vijiji vilichomwa, ghala zilichomwa, mazao yalikatwa shambani. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Wazungu waliouawa vitani walikuwa 15. Vita vilikwisha mwaka 1907, na sehemu za kusini zilibaki pori ambalo tembo na mbung'o walilirithi.

Hapo utaona udhaifu mwingine wa lile somo linaloishia kwenye kicheko. Linamfanya mtoto afikiri kwamba watu walikufa kwa sababu ya kuamini maji. Wengi hawakufa kwa sababu hiyo. Walikufa kwa sababu chakula chao kilichomwa moto kwa makusudi, na waliokichoma walijua wanachofanya. Ukimcheka aliyekunywa maji, unamsahau aliyewasha kiberiti.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Desemba 1956, alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, New York, alieleza kwamba watu wa Maji Maji hawakuinuka kwa ajili ya kiapo cha ushirikina, bali kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala. Na mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthiliya yake ya Kinjeketile, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari, na humo swali kubwa si kama maji yanazuia risasi, bali ni nini hutokea neno likiisha kutamkwa na kumtoka aliyelitamka. Kwa sababu maji yale yalifanya kazi moja ambayo hakuna aliyeweza kuikana. Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro, Mmbunga na Mngoni, ambao jana yake hawakuwa na jambo la pamoja, walikunywa kitu kimoja wakawa upande mmoja. Huko nako ni kubadilika hali, ingawa hakupimwi kwa kipimajoto.

Sasa nini kifanyike? Mimi si mwalimu, ni mtangazaji, na ushauri wangu ni mdogo. Somo la Maji Maji na somo la hali za vitu yakutane siku moja. Mwalimu wa sayansi aingie darasani na kipande cha nta na kibiriti, maana risasi ni sumu na haifai kwa watoto, awaonyeshe namna yabisi inavyolegea, inavyokuwa maji, inavyoganda tena. Awaulize: je, nta hii ingeyeyuka kwa kuambiwa? Ingeyeyuka kwa kumwagiwa maji ya kisimani? Inataka nini? Wakisha kujibu kwamba inataka joto na muda, mwalimu wa historia aendelee: basi tazameni, mwaka 1905 watu waliojua kuyeyusha risasi waliahidiwa kwamba itayeyuka bila joto wala muda. Kwa nini waliikubali ahadi hiyo? Walikuwa wanakimbia nini, hata wakaona ni afadhali kuijaribu?

Nina hakika darasa hilo halitacheka. Litanyamaza kidogo, halafu mkono mmoja nyuma utainuka na kuuliza juu ya kodi, juu ya pamba, juu ya bombomu na mvuke wake. Na mtoto wa Lupiro atakaporudi nyumbani, akimkuta babu yake ameinamia kopo la risasi juu ya jiko, atajua kwamba anamtazama mtu mwenye elimu.

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.